Mama Mkwe, Mimi na Ng'ombe wa Ahmedabad

Nyie watu wa kijiweni Buhongwa mmenichosha. Tangu nirudi sijamaliza kikombe kimoja cha kahawa bila mtu kuniuliza, "Shija, hebu tuambie, India ilikuwaje?" Nikianza kusimulia, mmoja anaitwa na mteja, mwingine anadakia na habari za mpira, na yule Mhaya wetu kila siku anataka nirudie ya ng'ombe tu. Basi leo nimefunga karakana mapema, mafriji ya watu yatanisubiri, nimekaa kuandika yote. Someni mpaka mwisho, halafu mniache ninywe kahawa yangu kwa amani.

Habari za pasipoti, viza na barua za hospitali naziruka. Ziliniumiza kichwa mara moja, inatosha.

Mgonjwa alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Nyamizi, tunayemwita Mama Masanja. Alianza kukabwa na ugali, akaja kukabwa na wali, mwisho hata uji ukawa unapita kwa taabu. Ikaonekana ni saratani ya koo la chakula. Madaktari wetu wakatushauri aende India kwenye mionzi, na aende haraka wakati bado ana nguvu. Wa kumpeleka alikuwa mwanawe, Masanja. Wiki mbili kabla ya safari Masanja akaanguka na pikipiki, mguu mzima ukaingia plasta. Nyamizi, mke wangu, mama wa mwanetu Nana, alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikabaki mimi, mkwe.

Wale ambao si Wasukuma najua mnasema, "Kwani kuna shida gani? Si mama yako tu?" Thubutu! Kwa hao wakwe zangu, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mikono. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mtama mpaka mwenzake apite. Nikienda kwao napewa chakula chumba cha mbele, peke yangu, kwa sababu yeye hatakiwi kuniona nikitafuna, wala mimi kumwona yeye. Miaka tisa ya ndoa, nilikuwa simjui mama yule sura vizuri. Namjua kwa sauti na kwa mgongo. Sasa huyo ndiye niliyeambiwa nikamnyweshe uji kila baada ya saa mbili, ugenini, tukiwa wawili tu.

Kisesa mpaka uwanja wa ndege

Asubuhi ya safari ua wa wakwe zangu kule Kisesa ulijaa shangazi. Walibishana karibu saa nzima kuhusu nani akae wapi kwenye gari, mpaka dereva akazima injini. Mwishowe mama akakaa nyuma kabisa, mimi mbele, katikati wakajazana wasindikizaji na mabegi. Walitufungashia unga wa uji wa lishe, michembe ya viazi vilivyokaushwa, karanga za kusaga, na mfuko wa dagaa uliofungwa mara tatu na bado ukanuka.

Shangazi Kabula, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, alinishika bega dirishani. "Mkwe, sisi tumekukabidhi. Mrudishe akiwa anakula."

"Sawa, shangazi."

"Na heshima iwepo."

"Itakuwepo, shangazi."

Niliitikia kwa mdomo mpana, lakini moyoni niliogopa sana. Niliwaza, huyu mama akinifia huko, nitarudi Kisesa na maneno gani?

Mwanza mpaka Dar: Sista katikati

Kwenye ndege tukakuta viti vyetu vimegusana. Mimi na mama mkwe, bega kwa bega! Mama alisimama kwenye njia akakataa kukaa, foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Mhudumu akasema, "Mama, tafadhali, kaa na mwanao." Mama akazidi kugeuka pembeni.

Mungu si Athumani, kiti cha tatu katika safu ile alikuwa amepewa sista mmoja mnene mwenye uso wa furaha. Nikamwomba akae katikati yetu.

"Mmegombana?" akaniuliza.

"Hapana, sista. Ni mama mkwe."

Sista akapiga makofi. "Wewe! Mimi ni Msukuma wa Magu! Pisha nikae."

Kuanzia hapo safari ikawa tamu. "Sista, mwambie mama afunge mkanda." "Mama, mkwe anasema ufunge mkanda." "Sista, mwambie mkwe mkanda wenyewe siuoni." Mama alikuwa umbali wa mkono mmoja, anasikia kila neno, lakini hakuna aliyeruka hatua. Watu wa safu ya nyuma walicheka mpaka tunatua.

Dar, Addis, Mumbai

Pale Dar ndege ya kwenda Addis Ababa ilichelewa mno. Tulitangaziwa saa moja, ikawa tatu, ikawa saba. Nilimmiminia mama uji kutoka kwenye chupa ya chai, nikauweka kwenye kiti kati yetu, nikaenda zangu kusimama dirishani mgongo ukiwa kwake, kama mtu mwenye adabu. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Nikafurahi.

Addis hivyohivyo. Naweka, naondoka, narudi, kitupu. Nikampigia Nyamizi kwa majivuno. "Mama anakunywa kama ndama!" Mwenzenu nilikuwa najipongeza, wala sikujiuliza kwa nini pipa la taka lililokuwa karibu naye linadondosha kitu cheupe.

Treni ya kwenda Ahmedabad

Kutoka Mumbai tulipanda treni. Mbele yetu alikaa mwanamke mmoja na mumewe, wakafungua makopo ya chakula kabla hata treni haijaondoka. Chapati nyembamba zenye majani ndani, achari, chai ya maziwa yenye tangawizi. Wakatulazimisha kula. Mimi nilikwenda kulia chapati zangu mlangoni, kwenye upepo. Mama akachukua chai tu, akageukia ukutani, akajifunika kitenge kichwani na kunywa humo humo ndani.

Yule mwanamke akanifuata mlangoni. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, vyote vibovu. Akataka kujua kwa nini namtenga mama yangu. Nikamweleza kwa maneno na kwa mikono, mkwe, heshima, kula, aibu. Nikategemea atashangaa. Akacheka, akavuta ushungi wa sari yake mpaka puani, akaonyesha kuwa kijijini kwao yeye hukaa hivyo mbele ya baba mkwe wake. Miaka ishirini na moja baba mkwe hajamwona uso! Tukapeana mkono kama watu wa kabila moja.

Aliporudi kukaa alimfunika mama vizuri zaidi, akamshikia kikombe. Mama akaniagizia kupitia hewani, "Mtu amwambie mkwe, huyu mama ni Msukuma, amepotea tu."

Nyumba ya Bi Kusum

Mnamfahamu yule mzee wa Kihindi wa duka la vipuri mjini ninayemtengenezea mafriji. Ndiye aliyetupa mahali pa kufikia, kwa shangazi yake, jirani kabisa na hospitali. Bi Kusum alizaliwa Mwanza, akaondoka akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimo, kimeingia vumbi tu.

"Karibuni, karibuni! Samaki bado iko nyingi kule ziwani?" Hilo ndilo swali lake la kwanza, na yeye mwenyewe katika maisha yake hajawahi kuonja samaki, dini yao hairuhusu.

Tulipofungua begi, dagaa wakafanya kazi yao. Bi Kusum akaja mbio, akasimama mlangoni amejishika pua. "Nini imekufa humu?" Nikamwonyesha mfuko, nikiwa tayari kufukuzwa. Akausogelea taratibu, akauinamia.

"Kwangu samaki hapana," akasema. "Lakini ngoja ninuse kidogo kwanza." Akanusa, akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema hiyo ndiyo harufu ya barabara aliyokuwa akipita kwenda shule. Kisha akaamuru mfuko upelekwe kwenye paa na usishuke tena.

Tulipewa chumba kimoja cha chini na kijikoni. Mama alilala chumbani, mimi kijikoni kwenye godoro. Matibabu yakaanza, mionzi siku tano kwa wiki na dripu ya dawa mara moja. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, hana maneno mengi. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu, kwamba mgonjwa asipungue uzito. Akipungua, mwili hautahimili mionzi.

Basi mimi nikawa mpishi. Naamka napika uji wa maziwa na karanga, laini kabisa, nauweka mezani, natoka nje kwa nusu saa nikizunguka mtaani ili mama ale kwa uhuru. Narudi, bakuli safi. Naosha, napika tena.

Wiki ya kwanza uzito ukashuka kilo moja. Wiki ya pili zikashuka mbili. Daktari akanitazama kwa ukali. "Unampa chakula kweli?" Nikaapa kwa mikono miwili. Akasema akipungua tena wiki ijayo, atasimamisha mionzi. Na mionzi ikisimama katikati, uvimbe hautatusubiri. Nilirudi kijikoni. Nikaongeza siagi, nikaongeza asali, nikatoka nje kuzunguka, bakuli likarudi safi.

Aliyetuokoa ni Bi Kusum. Siku ya tatu yake alinikuta nje, akanivuta mkono mpaka uchochoro wa nyuma ya nyumba. Pale, chini ya dirisha la chumba chetu, alisimama ng'ombe mweupe, manyoya yanang'aa, anajilamba pua. Kwenye nyusi ana uji.

"Shija, hii ng'ombe mwezi uliopita ilikuwa mbavu tupu," Bi Kusum akasema. "Sasa tazama tumbo. Kila saa mbili inakuja yenyewe, haijaitwa. Wewe nalisha nani?"

Na hapohapo, jamani, mkono wa mama mkwe ukatoka dirishani na bakuli, ukamimina uji karibu wote kwenye karai lililokuwa pale chini. Siagi yangu! Asali yangu!

Niliwaka. Niliingia ndani bila kubisha hodi, kitu ambacho sijawahi kufanya, lakini hata katika hasira ile nilijikuta nimeukabili ukuta, mgongo kwa mama. Nikaufokea ukuta. "We ukuta! Mwambie mama huyu kwamba mimi sikutoka Mwanza kuja kunenepesha ng'ombe wa watu!"

Nyuma yangu nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe ni kicheko.

"Ukuta," mama akasema kwa sauti yake iliyokwaruza, "mwambie mkwe, ng'ombe yule alikuwa amekonda sana."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Nikampigia Nyamizi. Alicheka ya ng'ombe kwanza, kisha akaanza kulia na yeye. "Baba Nana, mama hawezi. Akimeza, chakula kinamrudi puani, kinamtoka mdomoni. Anachukua nusu saa kwa vijiko vitatu. Anaogopa utarudi umkute vile. Kwake yeye hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa."

Ndipo nikaelewa. Mimi naondoka kwa heshima, yeye anamwaga kwa heshima, na heshima yetu wote wawili ilikuwa inamuua.

Kitenge cha katikati

Dawa ikatoka kwa Bi Kusum. Alichukua kitenge cha mama, akafunga kamba kutoka msumari mmoja hadi mwingine, akakigawa chumba mara mbili. Mama na bakuli lake upande wa dirisha, mimi na langu upande wa mlango. "Sasa hapana kutoka nje," akaniambia. "Wewe nakaa hapa nasikiliza kijiko. Kijiko ikinyamaza, wewe naongea." Dirisha akalifunga. Ng'ombe alipiga kelele siku mbili mfululizo.

Basi tukawa tunakula hivyo, kila mtu upande wake. Mwanzoni nilisikia kijiko kikigusa bakuli, kimya kirefu, kikohozi, kijiko tena. Nikaona nikikaa kimya naye atanyamaza, nikaanza kumsimulia vituko vya mafriji. Nikamweleza yule mteja aliyehifadhi viatu kwenye friza ili visinuke. Mama akacheka, akaanza na yeye. Nyie, yule mama ni mchekeshaji! Miaka tisa nimeoa pale sikujua! Alinisimulia jinsi baba mkwe alivyokuja kuposa akiwa na kiatu kimoja, jinsi Nyamizi alivyoficha mbuzi uvunguni. Alinitania mimi mwenyewe. "Kitenge, mwambie mkwe, siku anaoa alikuwa mwembamba mpaka tukauliza kama anaumwa."

Wiki ile uzito haukushuka. Daktari akapima mara mbili, akatikisa kichwa, akaandika, mionzi ikaendelea. Nilimbeba Bi Kusum juu juu barabarani, akanipiga na mwavuli.

Halafu ikaja siku ya wali. Bi Kusum alipika wali na dengu uliorojeka, wanauita khichdi, akasema ni wakati wa kujaribu kitu kizito kidogo. Mama alikula vijiko vinne. Kijiko cha tano kikanyamaza. Nikaita, "Mama?" Hakujibu. Nikasikia bakuli linaanguka.

Sikufikiri. Nilivuta kitenge, msumari ukatoka na plasta ya ukuta. Mama alikuwa ameinama, macho yamemtoka, anatapatapa kutafuta pumzi. Nikamshika kiunoni, nikampiga mgongoni mara moja, mbili, tatu, ya nne tonge likatoka. Akavuta pumzi. Nikampangusa mdomo, pua, kidevu, kwa shati langu. Tukabaki tumekaa chini tunatazamana, na hapo ndipo nilipomwona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza. Nyamizi amechukua macho yale yale.

Nilisubiri aseme kwamba nimemwaibisha. Akajifuta machozi.

"Haya, umeshaniona," akasema, na safari hii alikuwa anasema na mimi, si na ukuta. "Sasa leta bakuli lako ukae hapa na wewe ule. Nisiwe mimi peke yangu wa kutazamwa."

Nikaleta bakuli. Nilikula khichdi mbele ya mama mkwe, na niwaambie ukweli, kumeza kwangu kulikuwa kugumu kuliko kwake. Akanitazama, akasema, "Kumbe unatafuna kama mbuzi." Tukacheka mpaka Bi Kusum akaja kuchungulia.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio. Nyamizi akajifungua mtoto wa kike, tukapiga vigelegele mtaani mpaka majirani wakaleta pipi. Mama akahama kutoka uji kwenda wali, kutoka wali kwenda chapati iliyolowekwa kwenye chai. Mwisho wa matibabu daktari alituonyesha picha, akaweka kidole mahali uvimbe ulipokuwa umesinyaa. Akasema tukapime tena baada ya miezi mitatu, ndipo tutajua kwa hakika. Kisha, kwa mara ya kwanza, akacheka. Alikuwa na mwanya.

Kurudi

Safari ya kurudi sina mengi. Kwenye ndege mama alikaa jirani nami bila mtu katikati, akamaliza chakula chake, akachukua na mkate wangu. Mwanza tulipotua, alikuwa bado dhaifu kwa ngazi za ndege, akanishika mkono. Tukatokea mbele ya wapokeaji hivyo, mkono kwa mkono. Shangazi Kabula alikuwa ameanza kigelegele, kikakatikia hewani.

"Jamani! Mbona wameshikana?"

"Nishikwe na nani, wewe hukuja," mama akamjibu, akapita. Kigelegele kikaendelea.

Miezi mitatu baadaye

Nikarudi Buhongwa kwenye mafriji yangu, mama akabaki Kisesa. Kwa miezi ile mitatu sikulala vizuri. Kila simu ikilia roho inaruka. Siku ya kipimo Masanja, na fimbo yake, ndiye aliyempeleka hospitali. Mchana nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya friza la mtu, simu ikaita. Masanja alikuwa hasemi, analia tu. Nikakaa chini kwenye sakafu. Kisha akapata sauti. "Shija, hawajaona kitu! Daktari anasema atamfuatilia, lakini kwa sasa hakuna kitu!"

Nilimpitia Nyamizi na mtoto nyumbani, tukanunua sato wakubwa wawili, tukaenda Kisesa. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyoingia, nitakavyomkumbatia mama yule, nitakavyokaa naye tule sahani moja. Tulipokata kona ya zizi, alikuwa uani anapepeta mtama, mgongo ukiwa kwetu. Akasikia hatua, akageuka, akaniona.

Mama yule akatupa ungo, akakusanya gauni, akakimbia. Sisemi alitembea haraka. Alikimbia! Kandambili moja ikabaki uani, mtama ukamwagika, akapotelea nyuma ya jiko.

Nilisimama nimeshika samaki. Nyamizi alikuwa anacheka mpaka mtoto mgongoni anatikisika. Kutoka nyuma ya jiko sauti ikaja, nzima, nzito, haina mkwaruzo. "Mwambieni mkwe apite chumba cha mbele! Na asije huku jikoni!"

Nililia palepale mbele ya shangazi wote, wala sikujali. Mgonjwa hana nafasi ya kumkimbia mkwe wake, anamshika mkono apande ngazi. Huyu alikuwa amepata tena nguvu za kunionea aibu.

Nikaingia chumba cha mbele, nikasubiri. Samaki walipoiva nikaletewa ugali, nikanawa, nikala peke yangu kama inavyompasa mkwe. Na kupitia dirisha nikawa namsikia mama kule jikoni, anabishana na shangazi Kabula nani apewe kichwa cha sato, akakipata yeye, akaanza kunyonya mifupa mmoja mmoja kwa kelele.